Umeme wa Jua na Ardhi ya Kijiji (4): Kabla ya Uzio wa Kishapu Kulikuwa na Ngitili

Mradi wa umeme wa jua wa Kishapu umerudi katika taarifa za habari, na kama kawaida kinachotajwa kwanza ni megawati: 50 awamu ya kwanza, 100 awamu ya pili, jumla 150. TANESCO na kampuni ya Sinohydro walisaini mkataba wa ujenzi mwaka 2023, fedha za mkopo zikitoka Shirika la Maendeleo la Ufaransa, na mahali pa mradi ni kijiji cha Ngunga, kata ya Talaga. Walionifuatilia tangu sehemu ya kwanza wanajua kwa nini Kanda ya Ziwa inauhitaji umeme huu, na kwa nini nchi yenye bwawa kubwa la Julius Nyerere haipaswi kutegemea maji peke yake. Hayo sitayarudia. Leo nataka tuuangalie uzio.

Kila shamba kubwa la jua lina uzio, na lazima liwe nao, maana mle ndani mna umeme unaoua na nyaya za shaba zinazoibwa. Swali ni ukubwa wa eneo linalozungushiwa. Garissa, kaskazini-mashariki mwa Kenya, mtambo wa megawati 54.6 uliozinduliwa Desemba 2019 una paneli zaidi ya 206,000 juu ya hekta 85. Tukikadiria kwa kipimo hicho hicho, megawati 150 zinahitaji zaidi ya hekta 230. Katika ramani ya mkoa wa Shinyanga hilo ni doa dogo. Kwa kijiji ni kitu kingine kabisa. Uzio wa hekta mia mbili na zaidi hauchukui mashamba tu. Unakata njia ya ng'ombe kwenda lamboni, unamzungusha mama anayetafuta kuni, na unafunga malisho ambayo hayakuandikwa jina la mtu yeyote kwa sababu yalikuwa ya wote.

Hapo ndipo manung'uniko yanapoanzia, Kishapu au kwingineko, na hapo ndipo wataalamu wetu wengi huyasikia vibaya. Mwanakijiji akiuliza mifugo itapita wapi, huambiwa haelewi maendeleo. Akiuliza kwa nini nyaya za umeme zinapita juu ya kitongoji chake na bado anasomea kibatari, huambiwa asubiri. Mimi nasema mwanakijiji wa Kishapu anaelewa sana. Ardhi yake imepangiwa matumizi na watu wa nje kwa karibu miaka mia moja sasa, na asiyeijua historia hiyo asiende Ngunga kufanya mkutano wa hadhara.

Historia yenyewe inaanza na mbung'o. Shinyanga ya mwanzoni mwa utawala wa Waingereza ilikuwa nchi ya misitu: migunga mabondeni, miombo upande wa magharibi. Ndani ya misitu hiyo aliishi mbung'o, na pamoja naye nagana iliyoua ng'ombe na malale iliyoua watu. Mwaka 1919 alikuja Tanganyika Charles Swynnerton kuwa msimamizi wa kwanza wa wanyamapori, na haukupita muda akaifanya Shinyanga kuwa makao ya utafiti wa mbung'o, kazi iliyopewa idara yake maalumu mwaka 1929. Alikuwa mtu wa bidii kubwa na akili nyingi. Aliona kwamba mbung'o hawezi kuishi pasipo kivuli, basi ukiondoa kivuli umemwondoa mbung'o. Watemi wakaombwa kuita watu wao. Maelfu ya wanaume waliingia porini na mashoka, msimu baada ya msimu, wakafyeka na kuchoma. Swynnerton mwenyewe alikufa katika ajali ya ndege mwaka 1938, lakini mashoka hayakusimama.

Ni haki tukiri kwamba kazi ile ilifanikiwa kwa lengo lake. Mbung'o alirudi nyuma, ng'ombe wakaongezeka, watu wakahamia maeneo yaliyokuwa hayakaliki. Lakini nani aliulizwa kuhusu miti? Mbung'o alikuwa tatizo la kweli, na suluhisho lake lilihesabu kitu kimoja tu, yaani mbung'o. Dawa za mitishamba, asali, nguzo za nyumba, kuni, majani ya kiangazi: vyote hivyo havikuwa na safu yake katika daftari la mtaalamu. Wasomaji wangu naomba wakumbuke jambo hili tutakapofika kwenye paneli, kwa sababu megawati nayo ni hesabu ya kitu kimoja.

Nyuma ya mbung'o ikaja pamba. Ardhi iliyofyekwa ikalimwa, na baada ya mavuno masalia ya pamba yakachomwa kuua wadudu, kwa hiyo hata vijiti vile havikurudi udongoni. Mwaka 1940 Mkanada John Williamson akagundua almasi Mwadui, ambayo leo imo katika wilaya hii hii ya Kishapu, na watu wa eneo hili wakaona kwa mara ya kwanza uzio wa kweli: seng'enge, walinzi, mji mzima ndani wenye taa na maji, na giza nje. Almasi ya waridi iliyotoka pale mwaka 1947 ilikwenda kuwa zawadi ya harusi ya Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza. Uzio ule una kumbukumbu zake hadi leo. Mwaka 2021 wamiliki wa mgodi walikubali kuwalipa watu waliodai kuumizwa na walinzi, na Novemba 2022 bwawa la matope ya mgodi lilipasuka likafunika mashamba na makazi ya majirani. Mtu wa Kishapu anapoona nguzo za uzio mpya zikichimbiwa, hayo ndiyo anayoyajua kuhusu uzio.

Tukirudi enzi zile za ugunduzi wa almasi, serikali ya kikoloni, kati ya 1947 na 1956, iliendesha mpango mkubwa wa kuiendeleza Usukuma, Shinyanga ikiwemo. Humo mlikuwa na mambo mema, malambo hasa, lakini mlikuwa pia na amri: punguza mifugo, lima matuta kwa mtindo huu, hamia kule. Watu walizichukia amri hizo, wengine wakafungwa au kutozwa faini kwa kuzikiuka, na mpango ukafa. Kisha tukapata Uhuru, na katikati ya miaka ya 1970 ikaja Operesheni Vijiji. Naandika kama mtu anayeuheshimu Ujamaa na nia yake, na bado nasema kwamba kuwahamisha watu kwa haraka namna ile kulivunja kitu ambacho hakuna afisa aliyekuwa amekiandika kwenye fomu. Kulivunja ngitili.

Wengi wa wasomaji wa pwani hawajawahi kuiona ngitili, basi niieleze vizuri, maana kwangu hii ni moja ya taasisi bora ambazo mkulima wa Afrika Mashariki amewahi kuzibuni. Mvua zinapoanza, familia au kijiji hutenga kipande cha ardhi na kukifunga. Ng'ombe hawaingii. Majani huota, hukomaa, hukaukia pale pale yakiwa yamesimama. Miti midogo hupata nafasi ya kuinuka. Kiangazi kinapokuwa kikali, mashamba yote yakiwa meupe na mbuga zimepasuka, ngitili hufunguliwa, mara nyingi kipande kwa kipande, wakianza kulishwa ndama, maksai wa jembe na ng'ombe wa maziwa. Hakuna seng'enge. Mpaka ni mti unaojulikana, kichuguu, njia. Kinachoizuia mifugo ni makubaliano. Dagashida, mkutano wa jadi, ndio unaotunga kanuni, banamhala, yaani wazee, ndio wanaosimamia, na anayeingiza mifugo kabla ya wakati hulipa mchenya, faini ambayo hakuna anayetaka kuonekana akiilipa. Miaka ya 1980 sungusungu walipojitokeza, nao wakaingia katika ulinzi huo.

Katika Operesheni, mtu aliyehamishwa kilomita kadhaa kutoka kwenye ngitili yake hakuweza kuilinda tena. Malisho yakawa ya anayewahi. Ndani ya miaka michache Shinyanga, ambayo ilikwisha kukatwa miti mara mbili, kwa mbung'o na kwa pamba, ikawa kipara. Akina mama walipikia samadi na vijiti vya pamba. Mkoa ukaitwa jangwa, na waliouita hivyo hawakukosea sana.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI, kwa msaada wa Norway na baadaye utaalamu wa kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo mseto, ICRAF. Mwanzoni walifanya kama kila mradi: vitalu vya miche, miche ya kigeni, siku ya kupanda miti. Matokeo hayakuridhisha. Sifa yao kubwa, na ndiyo sababu nawataja kwa heshima, ni kwamba waliacha kufundisha wakaanza kuuliza. Wazee wakawaambia kuhusu ngitili. Mradi ukageuka, ukawarudishia watu nafasi ya kufunga ardhi yao wenyewe kwa kanuni zao wenyewe. Visiki vya migunga vilivyokuwa hai chini ya udongo miaka yote ile vikachipua bila mche hata mmoja.

Ngitili zilizokuwa zimerekodiwa mwaka 1986 ni takriban hekta 600. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika Shinyanga ya wakati ule ambayo ilikuwa bado haijagawanywa kutoa Simiyu na maeneo yaliyokwenda Geita, ngitili zilizidi hekta 300,000 katika vijiji 833. Mwaka 2002 HASHI ilipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Uchunguzi wa kiuchumi uliotolewa mwaka 2005 ulikadiria kwamba faida za ngitili, kuanzia kuni na asali hadi malisho na dawa, zilifikia dola 14 kwa mtu kwa mwezi, wakati wastani wa matumizi ya mtu wa kijijini nchini ulikuwa dola 8.50. Sijui mradi mwingine wa ardhi katika nchi yetu unaoweza kusimama mbele ya hesabu hiyo.

Nimeieleza ngitili kwa urefu kwa sababu watu wa Shinyanga hawana ugomvi na kufunga ardhi. Wamekuwa wakiifunga tangu zamani, na wanaifunga vizuri kuliko sisi. Wanachotaka kujua ni nani kaifunga, kwa makubaliano gani, na itafunguliwa lini. Uzio wa shamba la jua huja na jibu la swali la kwanza tu.

Angalia Ouarzazate, Morocco, kwenye mitambo ya Noor, ambayo awamu yake ya kwanza ilizinduliwa Februari 2016 na sasa kwa jumla inafikia megawati 580. Hekta takriban 3,000 zilizonunuliwa zilikuwa ardhi ya pamoja ya kabila. Bei ilipangwa dirham moja kwa mita ya mraba, kwa hoja kwamba pale ni nyika isiyozalisha kitu. Fedha hazikuingia mikononi mwa wenye ardhi bali katika mfuko wa miradi ya maendeleo ya eneo lao. Wachungaji waliokuwa wakipita pale kwa zamu za misimu waliambiwa kwamba walikuwa wakitumia ardhi tupu. Neno hilo limefanya madhara makubwa Afrika. Ardhi inayopumzika hadi kiangazi huonekana tupu kwa mtu aliyefika Machi.

Pavagada, jimbo la Karnataka nchini India, walijaribu njia yenye haki zaidi. Badala ya kununua, serikali ya jimbo ilikodi ekari 13,000 hivi kutoka kwa wakulima wa vijiji vitano, kwa rupia 21,000 kwa ekari kwa mwaka, kodi ikipanda kidogo kila baada ya miaka miwili. Megawati zaidi ya 2,000 zikasimama pale. Wenye mashamba, waliochoshwa na ukame wa miaka mingi, wengi wao walifurahi, nami siwalaumu hata kidogo. Lakini kibarua asiye na shamba alipoteza palizi na mavuno aliyokuwa akilipwa, na mchunga kondoo alipoteza malisho. Kodi ilifuata hati, na wao hawakuwa na hati.

Sheria yetu ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 imeweka mkutano mkuu wa kijiji mahali pa heshima, na inapohamishwa ardhi inayozidi hekta 250 uamuzi humfikia waziri baada ya wanakijiji kusikilizwa. Kanuni za fidia zinataja thamani ya ardhi, nyumba na mazao, posho ya usumbufu, ya usafiri, na riba malipo yakichelewa. Ni kanuni nzuri, na TANESCO izitekeleze kwa herufi na kwa roho. Hata hivyo mthamini anahesabu mwembe wa mtu. Hahesabu majani ya Agosti ambayo yangeokoa maksai wa kaya arobaini. Kwa hilo tunahitaji kitu nje ya jedwali la mthamini.

Kitu hicho kipo, na sayansi yake haina utata. Mwaka 1982 wanafizikia wawili wa Ujerumani, Goetzberger na Zastrow, walieleza kwamba paneli zikiinuliwa na kuachiana nafasi, viazi vinaweza kulimwa chini yake. Mwaka 2004 Mjapani Akira Nagashima akaijenga fikra hiyo kwa vitendo. Hapa kwetu, watafiti wakiongozwa kutoka Uingereza na kushirikiana na kituo cha Kilimo Endelevu Tanzania cha Morogoro, na wengine upande wa Kajiado nchini Kenya, wamepanda mboga, maharage na mahindi kivulini mwa paneli. Baadhi ya mazao yalistawi kuliko yale ya juani, na udongo ulitunza maji kwa muda mrefu zaidi. Paneli nazo zinanufaika. Paneli ya kawaida hupoteza takriban asilimia 0.4 ya nguvu yake kwa kila nyuzi moja ya joto juu ya 25, na ardhi yenye majani ina joto kidogo na vumbi kidogo kuliko ardhi iliyokwanguliwa na greda. Kukwangua ardhi yote chini ya paneli, kama inavyofanywa katika miradi mingi, ni kujiongezea vumbi na kisha kulipa watu wa kulifuta.

Ng'ombe hawatafaa chini ya paneli za kawaida, ni warefu na wanajikuna kwenye vyuma. Mbuzi hupanda juu na kutafuna nyaya. Kondoo ndio wanaotumika Marekani, Ulaya na Australia, na wanapunguza gharama ya kufyeka. Usukumani kondoo wapo. Na pale wahandisi watakapohofia mnyama yeyote, kuna njia ya ukataji: majani yakatwe na watu wa kijiji kwa tarehe iliyopangwa, yabebwe yakalishwe nyumbani. Hiyo ni ngitili iliyo ndani ya uzio, ikifungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi kinapobana, na ratiba yake iamuliwe na dagashida ya Ngunga na majirani zake pamoja na meneja wa mtambo. Anayeharibu nyaya alipe mchenya. Naamini ulinzi huo utakuwa imara kuliko wa kampuni yoyote ya walinzi, kwa sababu kijiji kitakuwa kinalinda malisho yake.

Umeme wenyewe nao lazima uonekane. Serikali inasema vijiji vyote 12,318 vimefikishiwa umeme, na ni kazi kubwa ya kupongezwa, lakini nchi ina vitongoji 64,359, na mtu huishi kitongojini. Ni aibu kwa taifa kama kitongoji kilichotoa malisho yake kwa gridi kitakaa gizani hata mwaka mmoja baada ya mtambo kuwashwa. Vivyo hivyo kwa ajira: ujenzi huita vibarua mamia, uendeshaji huhitaji wachache sana, na ukweli huo uelezwe kwa vijana mapema, kabla hawajauza mbuzi kununua buti za kazini. Kuhusu ardhi yenyewe, Kenya wamejifunza kwa gharama. Mwaka 2021 mahakama iliyoketi Meru iliamua kwamba hati za ekari 150,000 za mradi wa upepo wa Ziwa Turkana zilipatikana bila kufuata utaratibu wa ardhi ya jamii, wakati mitambo ilikuwa inazunguka tayari.

Hamu yangu iko kwenye zile megawati 100 za awamu ya pili. Katika mchoro wake ziwekwe njia za mifugo zenye upana wa kutosha kundi, kuelekea lamboni, kabla nguzo ya kwanza haijachimbiwa. Greda lizuiwe kung'oa visiki pale ambapo kivuli cha miti itakayochipua hakitagusa paneli. Urefu wa paneli kutoka chini uwe unaomruhusu kondoo kupita. Na mkataba wa uendeshaji utaje majani kwa jina, nani atayakata au kuyalisha, mwezi gani, na kwa idhini ya nani.

Wiki ijayo, sehemu ya tano: betri, na kinachotokea kwenye gridi jua linapozama saa kumi na mbili wakati kila nyumba inawasha taa.